Daktari wa tumbo wa kukaa wodini: anahitajika kweli?
Umeuliza kwa nini hospitali iajiri daktari wa mfumo wa chakula wa wodini tu, wakati wale wa kliniki wanaweza kupokezana zamu. Wanaweza, ila tazama siku yenyewe inavyokwenda. Mgonjwa katapika damu alfajiri. Daktari wa zamu ana foleni ya watu waliokunywa dawa ya kusafisha utumbo tangu jana yake, wanasubiri kolonoskopi, yaani kutazamwa utumbo mpana kwa mpira wenye kamera. Atawarudishaje nyumbani? Basi mgonjwa wa wodini anangoja hadi jioni, hali, hanywi, na kitanda kimekaliwa.

Kwa mtu aliyetapika damu, kwa kawaida endoskopi (kumpitishia mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni) hutakiwa ifanyike ndani ya saa 24, presha iliyoshuka ikishakaa sawa na damu kuongezwa ikibidi. Wala si lazima kukurupushana usiku wa manane: utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kuifanya ndani ya saa 6 hakukupunguza vifo. Kinachotakiwa ni mtu aliyepo asubuhi, asiye na kliniki inayomngoja.

Halafu kuna hili watu hulisahau: mwenye ini lililosinyaa na tumbo limejaa maji akiwapo daktari wa wodini, anaonwa na mtu yuleyule siku hadi siku, si kila kukicha sura mpya inayoanza kufunua faili ukurasa wa kwanza.

Pale ambapo wagonjwa wa aina hii ni wachache, sawa, utakuwa unamlipa mtu akae. Na mmoja hatoshi, maana naye hulala na huenda likizo. Angalau wawe wawili, wabadilishane wiki kwa wiki.