Ukitoka kwenye nzi ukaingia kwenye jigi

Kama umefunga nzi bandia wa uzi na manyoya wa kuvulia samaki trauti miezi kadhaa, na sasa umepewa jigi, yaani chambo bandia chenye kichwa kizito cha madini ya risasi, usifurahie ukubwa wa ndoano. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimezoea ndoano ndogo, namba 14, za mito ya Gura na Mathioya, nikilipwa kwa dazeni, nikaona jigi hii ya gramu 14 ni mchezo. Nikaipamba kama nzi, singa zote, yaani nywele za mnyama, zimelala mgongoni. Mvuvi wa Shimoni aliyeiagiza aliitia majini, ikapinduka: mapambo yote tumboni, ncha ya ndoano uchi juu. Alicheka, lakini hakulipa.

Sababu ni hii. Risasi ya jigi iko kichwani na tundu la mshipi limepinda upande uleule wa ncha, kwa hiyo jigi huogelea ncha ikitazama juu. Ukiibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, ncha ikiwa chini, unachokiona juu ni tumbo. Igeuze ndoano kabla ya kuweka singa, au zungushia manyoya pande zote.

La pili ni uzi. Nzi mdogo havumilii mizunguko ya ziada. Kila mmoja unaonekana, na anayeanza huishia kuziba tundu kwa uzi. Kwenye jigi huwezi kuliziba, risasi imekaa mbele yako. Hapo chukua uzi mnene wa nailoni, uvute mpaka ukaribie kukatika, upake gundi chini kabla ya singa na vanishi juu yake. Samaki kolekole akishika mara tatu singa zikang'oka, hukukaza.

Wingi wa manyoya ndipo wengi wanakosea. Nzi hana uzito, mshipi mzito ndio humrusha. Jigi hujirusha yenyewe na kuuburuta mshipi, kwa hiyo mtu hujiambia nafasi ipo, ajaze. Singa nyingi huizuia kuzama na huganda kama brashi. Chukua kiasi unachodhani kinafaa, kisha rudisha nusu. Mimi hutumia singa za mbuzi, na kwa jigi ndogo manyoya laini yanayoitwa marabu. Jina ni la yule ndege wa majalalani Nairobi, ila siku hizi hutoka kwa bata mzinga. Yalowanishe kwa vidole vyenye maji, la sivyo yatakuingia puani. Kisha ijaribu kwenye ndoo: inyanyue, iachie, tazama kama inapumua, yaani manyoya yanafunguka na kujifunga.

Kuyeyusha risasi sikushauri uanze nako; nunua vichwa vilivyo tayari. Ukilazimika, fanyia nje penye upepo, watoto wakiwa mbali, kwa chungu ambacho hakitarudi jikoni kamwe. Huyeyuka kwa joto la nyuzi 327 za Selsiasi, na tone moja la maji ndani ya kalibu, yaani umbo la kumiminia, hurusha risasi usoni. Moshi na vumbi lake ni sumu, kwa hiyo nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, hata kama ulishika vichwa vikavu tu.

Na ukimaliza oda ya jigi, usirukie nzi siku hiyohiyo. Mkono bado una nguvu za nailoni. Mimi hufunga nzi watano wa kutupa kwanza. Kwenye wawili wa mwanzo uzi huwa unanikatikia.