Usiruke animatiki, hata kama storibodi imekamilika

Ndugu mleta mada, umesema muswada wa katuni yako ya dakika tatu uko tayari, storibodi (michoro ya hadithi, shoti kwa shoti, yaani kipande kimoja cha filamu baada ya kingine) umeimaliza, na unataka kuanza kuhuisha, yaani kuchora michoro inayosogea, mara moja bila kupitia animatiki, yaani video ya michoro ya storibodi iliyopangwa kwa muda wa kila shoti. Nakuomba usubiri kidogo.

Katika filamu yangu ya kwanza nami niliona storibodi inatosha. Filamu huenda fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde. Mimi nilishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja ilikula michoro 12. Ufunguzi ulikuwa sekunde 40. Piga hesabu: michoro 480, na hapo sijagusa rangi. Nilipouunganisha na sehemu iliyofuata nikaona kwamba wote ulieleza jambo ambalo shoti moja ya mbele inalisema vizuri zaidi. Nikaukata. Iliniuma sana.

Storibodi haina saa. Ukiitazama, jicho linaruka picha linayoijua na kutulia kwenye ile linayoipenda. Kwa hiyo ipige picha michoro hiyohiyo, ipange kwenye programu ya kuhariria video, kila mmoja ukae muda ambao shoti yake itachukua. Mazungumzo yarekodi kwa sauti yako mwenyewe, hata kama mhusika ni bibi kizee, maana ukisoma kimoyomoyo utakwenda mbio kuliko mtu anavyosema. Muziki uache kwanza. Muziki umeshanidanganya mara nyingi: sehemu iliyopooza inachangamka kwa sababu ya mdundo tu.

Michoro usiipambe. Studio ya Walt Disney ilipozoea kubandika michoro ya hadithi ukutani mwanzoni mwa miaka ya 1930, mchoro usiofaa ulibanduliwa na mwingine ukachukua nafasi yake. Mchoro uliokesha ukiupaka rangi, mkono utasita kuubandua.

Kisha mwonyeshe animatiki hiyo mtu asiyeijua hadithi. Usimweleze neno, mwache akusimulie alichoona. Katika filamu yangu ya pili, watazamaji wawili walishindwa kusema kwa nini msichana anarudi mtoni. Shoti ya ufunguo unaodondoka ilikuwa nusu sekunde. Nikaipa sekunde moja na nusu, na mtazamaji wa tatu akaelewa bila kuuliza. Marekebisho hayo yalichukua dakika chache tu.

Ukishatengeneza matoleo matatu au manne, anza kuhuisha zile shoti ambazo hukuzigusa tena. Zinazoendelea kubadilika ziache kwanza.