Nyeupe kwanza, nyekundu ina siku zake

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: kama rangi za Krismasi ni nyekundu na kijani, mbona padri huvaa nyeupe? Kwa sababu nyeupe ndiyo rangi ya sikukuu yenyewe, rangi ya nuru na furaha. Dhahabu nayo huruhusiwa. Nyekundu na kijani zimetoka kwenye mti wa Krismasi. Ujerumani ya kale, Desemba 24 ilikuwa siku ya Adamu na Hawa, na mti wa kijani ulitundikwa matofaa mekundu kuikumbuka Edeni. Malindi hatuna haja ya tofaa: mti tuuitao mkrismasi huchanua mwekundu msimu huu huu, na mvinje haupotezi ukijani wake.

Tunaharakisha mno. Majilio, kipindi cha Jumapili nne kabla ya Krismasi, ni zambarau, rangi ya toba na kungoja, mpaka jioni ya tarehe 24. Jumapili ya tatu tu ndiyo yenye ruhusa ya waridi. Ndiyo maana taji la Majilio lina mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Kunja waya mnene uwe duara la kipenyo cha sentimita 40, kisha funga matawi ya mvinje yote yakielekea upande mmoja. Mvinje ukikauka hushika moto upesi, kwa hiyo badilisha matawi kila Jumamosi na usimamishe kila mshumaa ndani ya kikopo cha bati kinachopita majani. Usiliweke taji dirishani: jua la kaskazi hulainisha nta, mshumaa ukainama hata haujawashwa.

Altareni, tafadhali, msitumie karatasi ya krepe nyekundu. Unyevu wa bahari huichujisha, na kitambaa cheupe kikishaingia doa lile ni vigumu kutakata. Utepe wa kitambaa ni bora. Uloweke usiku kucha kwanza. Maji yakigeuka rangi, utepe huo ufungwe mtini.

Nyekundu huvaliwa tarehe 26, siku ya Stefano Shahidi, na tarehe 28, ya watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, zisipoangukia Jumapili. Hapo ni damu, si pambo. Tarehe 27, ya Yohane, ni nyeupe. Basi msiyashushe mapambo tarehe 26, kwani nyeupe huendelea hadi sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Januari. Kesho yake ndipo padri huvaa kijani.