Makarani wanaandika "sangala", ripoti haijumlishi: nitumie vidhibiti gani?

Swali: Habari za kazi, wataalamu. Natengeneza programu ya kupokelea samaki kwa mfanyabiashara mmoja hapa Kirumba, Mwanza, kwa Python na Tkinter (maktaba yake ya kutengenezea madirisha). Vidhibiti vya dirisha, yaani sehemu za kujazia na kubofya, ni visanduku vya maandishi vitupu: jina la mvuvi, aina ya samaki, kilo, idadi ya kreti, namna ya malipo, kama ushuru umelipwa. Karani mmoja anaandika sangara, mwingine Sangara, mwingine sangala, na jioni ripoti inatoa jumla tatu. Isitoshe, wakibofya Hifadhi dirisha linaganda, wanabofya tena, mzigo unaingia mara mbili. Nifanyeje?

Jibu: Salama, ndugu. Makarani usiwalaumu. Kisanduku cha maandishi hupokea chochote, nawe umekiweka hata pale ambapo majibu yanajulikana. Kibakize kwenye jina la mvuvi na kilo tu.

Aina ya samaki iwe orodha kunjuzi, `ttk.Combobox`, yenye sangara, sato, dagaa, kambare na wengine mnaopokea. Usisahau `state="readonly"`; bila hiyo karani bado anaweza kuandika juu yake na "sangala" atarudi. Kuna mtego mwingine hapo: gurudumu la kipanya likizungushwa juu ya orodha hiyo, chaguo hubadilika kimyakimya, na sangara wa kilo 200 anageuka sato. Kwenye Windows zuia hivi: `aina.bind("<MouseWheel>", lambda e: "break")`. Kwenye Linux funga pia `<Button-4>` na `<Button-5>`.

Namna ya malipo ni mbili tatu hivi: taslimu, simu, mkopo. Hapo vitufe vya redio (viduara ambavyo kimoja tu huchaguliwa) vinafaa zaidi, maana zote zinaonekana bila kufungua kitu. Vyote vishiriki `StringVar` moja (kigeu cha Tkinter kinachoshika maandishi), kila kimoja na `value` yake. Ukivipa vigeu tofauti, karani ataweza kuchagua taslimu na mkopo kwa pamoja. Ushuru ni ndiyo au hapana, kwa hiyo kisanduku cha tiki kinatosha.

Kreti ziwekee `ttk.Spinbox`, kisanduku cha namba chenye vishale vya kupandisha na kushusha, yenye `from_=1` na `to=50`. Mipaka hiyo huzuia vishale tu. Mtu akiandika 500 kwa kibodi inapita, kwa hiyo ikague wakati wa kuhifadhi.

Kilo ndiyo yenye kazi. `get()` hurudisha maandishi, na `float("12,5")` huangusha `ValueError` kwa sababu ya mkato. Chuja tangu kwenye kuandika:

```
def sawa(p):
    if p == "":
        return True
    try:
        float(p.replace(",", "."))
        return True
    except ValueError:
        return False

kilo = ttk.Entry(dirisha, validate="key",
    validatecommand=(dirisha.register(sawa), "%P"))
```

Ule mstari wa `if p == ""` usiufute, la sivyo karani hataweza kufuta tarakimu ya mwisho. Na kila njia ndani ya `sawa` irudishe True au False. Ikirudisha None, Tkinter huzima ukaguzi wenyewe. Hata hivyo alama ya kutoa ikichomekwa mbele ya namba hupenya, kwa hiyo kwenye Hifadhi geuza mkato tena kuwa nukta na hakikisha kilo ni zaidi ya sifuri.

Sasa kuganda. Tukio lolote, hata kuchora dirisha upya, husubiri kazi ya kitufe imalizike. Kama kuhifadhi kunapeleka data kwenye seva na mtandao unasuasua, dirisha zima linasubiri. Mibofyo nayo inapanga foleni, ndiyo maana mzigo unaingia mara mbili. Kwanza kizime kitufe kwa `state="disabled"`, kisha peleka kazi kwenye uzi wa pili (njia ya kazi inayoendeshwa sambamba na dirisha) kwa `threading.Thread`. Uzi huo usiguse kidhibiti chochote: soma kilo na aina kabla ya kuuanzisha, nao uweke jibu lake kwenye foleni ya `queue.Queue`. Dirisha likague foleni kwa `dirisha.after(100, angalia)`, na `angalia` ijiite tena hadi jibu lifike, ndipo kitufe kiwashwe. Andika `angalia` bila mabano. Ukiweka mabano inaendeshwa papo hapo, na kwa kuwa inajiita, itajirudia hadi Python itoe kosa la `RecursionError`. Kosa hilohilo kwenye `command=` ndilo hufanya kitufe kionekane hakifanyi kitu.

Mwisho, Tab huruka kwa mpangilio ulioviunda vidhibiti kwenye msimbo, si vinavyoonekana kwenye skrini. Viunde kwa utaratibu ambao karani husomewa mzigo pale mizani.