Nina cheti lakini maski ikiingia maji napaniki

SWALI: Mhariri sasa, nilienda Diani nikafanya kozi ya kuzamia siku nne nikapewa cheti cha PADI Open Water, kile cha wazamiaji wanaoanza, ila maski ikiingia maji bado napaniki. Naeza fanyia mazoezi huku ziwani? – Mpenda Maji, Kisumu

JIBU: Pole ndugu yangu, na usione aibu, wengi wako hivyo na hawasemi. Hicho cheti kinakufikisha kina cha mita 18 ukiwa na mzamiaji mwenzako, si eti umeshakuwa samaki. Tafuta bwawa la kuogelea lenye mwalimu, ingiza maji kidogo kwenye maski, bana ukingo wake wa juu kwenye paji la uso, tazama juu kiasi halafu toa pumzi kwa pua polepole mpaka yaishe, rudia hadi ikuboe, kisha fanya hivyo hivyo ukielea bila kupiga magoti.

Ziwani hapana kwanza. Maji ni matope, kuna kichocho, na Victoria iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, yaani kuzamia hapo kunataka mahesabu yake ya kina na muda, na mafunzo yake. Ukirudi Diani omba kozi ya kujikumbusha kabla ya kushuka.