Kwa nini Kupashwa Habari haipo tarehe 25 Machi 2027?

SWALI: Nina duka la uchapaji hapa Moshi mjini, na kila mwaka nachapa kalenda za ukutani za parokia. Ya 2027 nimeitoa kwenye faili la 2026: nimebadilisha siku za wiki, nikaisogeza Pasaka. Katekista kaipitia, anasema Kupashwa Habari Bikira Maria haipo tarehe 25 Machi, na kwamba wiki ya 6 ya Mwaka (kipindi cha kawaida, nje ya Majilio, Krismasi, Kwaresima na Pasaka) niliyoianza tarehe 17 Mei haipo kabisa. Sikukuu yenye tarehe maalumu inahamaje?

JIBU: Katekista wako yuko sahihi kwa yote mawili, na mkono wake huo umekuokoa kabla karatasi hazijaingia mashineni.

Tuanze na Pasaka, maana ndiyo inayowasogeza wenzake. Ni Dominika (Jumapili) inayofuata mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Mwaka 2027 mwezi huo ni Jumatatu tarehe 22 Machi, kwa hiyo Pasaka ni tarehe 28. Lakini usitoke nje kuutazama mwezi juu ya Kilimanjaro ukadhani umepata jibu. Kanisa hufuata majedwali yaliyowekwa na marekebisho ya kalenda ya Papa Gregori wa 13, mwaka 1582, na humo siku ya mchana na usiku kulingana imefungwa 21 Machi, hata kama kule angani vimelingana tarehe 20. Mwaka 2019 mwezi ulikuwa mpevu alfajiri ya tarehe 21 Machi kwa saa zetu. Anayefuata anga angesali Pasaka tarehe 24 Machi. Jedwali likasema mwezi wa Pasaka ni ule wa Aprili, tukaisali tarehe 21 Aprili. Karibu mwezi mzima wa tofauti!

Sasa 25 Machi 2027 ni Alhamisi Kuu. Siku za Juma Kuu na za Oktava ya Pasaka (siku nane kuanzia Pasaka yenyewe) haziachii nafasi sherehe yoyote, hata ya Mama wa Mungu. Ila sherehe haifutwi, inahamishwa: Kupashwa Habari inakwenda Jumatatu baada ya Dominika ya pili ya Pasaka, yaani tarehe 5 Aprili. Ndivyo ilivyokuwa 2024, iliposaliwa tarehe 8 Aprili. Mtakatifu Yosefu yeye akikutwa na Juma Kuu hurudi nyuma, Jumamosi kabla ya Matawi, kama 2008 aliposherehekewa tarehe 15 Machi. Safari hii amesalimika, 19 Machi ni Ijumaa ya kawaida ya Kwaresima. Kumbukumbu za watakatifu, zilizo chini ya sherehe kwa ngazi, hazina bahati hiyo. Ikizibwa, imekwenda na mwaka huo.

Dominika nazo si sawa. Za Majilio, Kwaresima na Pasaka hazisogezwi na sherehe. Ndiyo maana tarehe 8 Desemba 2024, kwa kuwa ilikuwa Dominika ya Majilio, kalenda ya Kanisa iliipeleka sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa wa Dhambi ya Asili tarehe 9, siku yetu ya Uhuru. Lakini Dominika ya kawaida huwa inakubali: 15 Agosti 2027 ni Dominika, na Kupalizwa Mbinguni itachukua nafasi ya Dominika ya 20. Usiiweke Jumatatu.

Hilo la wiki ya 6 ndilo linalowanasa wachapaji wengi. Baada ya Pentekoste watu huendelea kuhesabu walipoachia kabla ya Majivu. Majivu ni tarehe 10 Februari, katikati ya wiki ya 5, basi wanaandika 6. Sivyo. Hesabu inaanzia mwishoni: Kristo Mfalme (somo wa Kanisa Kuu lenu hapo Moshi) ni Dominika ya 34 siku zote, na mwaka huo ni tarehe 21 Novemba. Rudi nyuma wiki kwa wiki hadi Pentekoste, tarehe 16 Mei, utakuta umesimama kwenye 7. Wiki ya 6 imerukwa. Tena kwa sababu Dominika mbili zinazofuata ni za Utatu na za Ekaristi (ikisaliwa Dominika), Dominika ya kwanza ya kijani, rangi ya kipindi cha kawaida, utakayochapa ni ya 10, tarehe 6 Juni.

Kristo Mfalme haijui Pasaka. Yenyewe inafuata Majilio, na Majilio yanahesabiwa kutoka Krismasi, ile ambayo kila Mchaga ameshakata tiketi yake ya kurudi nyumbani bila kuuliza kalenda.

Kwa hiyo usinakili faili la mwaka jana. Andika kwanza Pasaka na Dominika ya kwanza ya Majilio, kisha uhesabu: Majivu siku 46 kabla ya Pasaka, Pentekoste siku 49 baada yake, Moyo Mtakatifu siku 68, yaani Ijumaa tarehe 4 Juni. Kupaa kwa Bwana na Ekaristi Takatifu hapo usikokotoe kichwani. Kwa asili ni Alhamisi, lakini zinaweza kuhamishiwa Dominika, na uamuzi ni wa maaskofu. Chukua tarehe ya kalenda ya TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kama ilivyo. Na masomo ya Dominika huzunguka miaka mitatu, A, B na C: ya Mwaka B yanaisha na Kristo Mfalme. Tarehe 28 Novemba andika Mwaka C, usisubiri Januari.