Mtungi Umejaa, Jiko Haliwaki

Tuliponunua karavani kuukuu, kinyumba cha kukokotwa na gari, hapa Minnesota, Marekani, nilijiona mjuzi wa gesi. Dar nilipikia mtungi miaka mingi, nifundishwe nini tena? Safari ya kwanza tukaenda kando ya Ziwa Superior, mwezi Mei, baridi inauma, watoto wanalilia chai. Nikafungua koki ya mtungi kwa mkupuo mmoja hadi mwisho, nikawasha kiberiti. Kimya. Njiti ya sita ndiyo iliyoshika, moto wenyewe mdogo kama wa kibatari. Birika likakaa pale nusu saa bila hata kutoa mvuke.

Mume wangu akasema gesi imeganda kwa baridi. Si kweli. Mitungi ya kwetu Tanzania huwa na mchanganyiko wa propani na butani, na butani ndiyo inayozembea baridi ikikaribia sifuri. Huku tunauziwa propani, na hiyo inaendelea kugeuka gesi hadi kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Mzee wa karavani ya jirani alipotusikia tukibishana aliuliza swali moja tu: mmeufungua haraka?

Kumbe kwenye kiungo cha mpira na mtungi kuna kidude cha usalama. Gesi ikitoka kwa kasi, chenyewe kinadhani mpira umepasuka, kinabana njia na kuacha upenyo mdogo tu. Dawa yake ni kufunga koki zote za jiko, kufunga mtungi, kusubiri dakika moja au mbili, kisha kuufungua polepole, kama unayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Tulifanya hivyo na moto ukaja wa bluu, unanguruma.

Zile njiti za mwanzo zilipotea kwa sababu nyingine: karavani ikilala majira yote ya baridi, hewa huingia kwenye mabomba, na lazima itoke kwanza. Siku hizi naanza na pleti moja ya juu mpaka iwake vizuri, ndipo nahamia kwenye oveni. Oveni ina moto mdogo wa kudumu huko nyuma. Ukishauwasha, endelea kubonyeza koki kwa sekunde kadhaa ili kihisio kipate joto. Ukiachia mapema unazimika, nawe unaanza upya, umepiga magoti.

Dirisha na tundu la paa nafungua kabla ya yote, hata kukiwa na baridi. Kiberiti kwanza, gesi baadaye. Isiposhika, funga, uache hewa ipite, ndipo ujaribu tena. Propani ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, ndiyo maana kengele ya gesi hufungwa chini karibu na miguu. Ukisikia harufu usiguse swichi yoyote, hata ya taa: toa watu nje, kafunge mtungi. Na jiko si la kuotea moto usiku. Hilo sibishani na mtu. Hewa ya sumu inayotoka haina harufu.

Mwaka jana pleti moja iliwaka njano na kutia sufuria masizi. Nilibadilisha hiki na kile, wapi! Mwisho nikachungulia kijibomba kinachovuta hewa, nikakuta buibui kajenga humo. Brashi ya kusugulia chupa za watoto ilimhamisha.